Koki iko ng'ambo ya bahari: maji na swali la "sisi ni nani" kisiwani Kupro

Mzazi wa Mwanza au Kisumu ambaye mwanawe anasoma chuo kikuu Kupro ya Kaskazini hupata mshangao siku anapotaka kumtumia kifurushi. Mtoto yuko Lefkoşa au Gazimağusa, miji iliyoko kisiwani kabisa, lakini anwani anayopewa inaishia na maneno "Mersin 10, Turkey". Mersin ni mkoa wa Uturuki, ng'ambo ya bahari. Dola ya kaskazini mwa Kupro haitambuliwi na nchi yoyote duniani isipokuwa Uturuki, kwa hiyo posta ya kimataifa haina jina la kuiita. Barua zote hupelekwa kana kwamba kisiwa ni kata mojawapo ya Mersin, kisha ndipo huvushwa.

Tangu Oktoba 2015, maji ya bomba nayo hupita njia hiyohiyo. Hukusanywa katika bwawa la Alaköprü, wilayani Anamur, mkoa uleule wa Mersin, yakasafirishwa chini ya bahari mpaka bwawa la Geçitköy karibu na pwani ya kaskazini ya kisiwa. Mwanafunzi wa Kiafrika anayefungua bomba jikoni kwake Lefkoşa anakunywa mvua iliyonyesha kwenye milima ya nchi nyingine. Kwake yeye hilo ni jambo la bili tu. Kwa mwenyeji wake, Mkupro wa Kituruki ambaye babu yake alichota maji kwenye chemchemi ya kijijini, ni swali zito: kama barua zangu, pesa zangu, askari wanaonilinda na sasa maji yangu yote yanatoka Uturuki, mimi ni nani, na hapa ni kwa nani?

Nataka kulifungua swali hilo polepole, kwa sababu watu wengi hulijibu haraka mno. Wapo wanaosema maji ni maji, mwenye kiu haulizi yametoka wapi. Wapo wanaosema bomba lile ni mnyororo. Mimi naona wote wawili wanatazama chanzo cha maji, ilhali jambo lenyewe liko kwenye koki: nani anaifungua, nani anaifunga, na ukitaka ifunguliwe unakwenda kuongea na nani.

Kisiwa na mstari wake

Kupro ndiyo Kipro ya Matendo ya Mitume, nyumbani kwa Barnaba. Waosmani waliitwaa kutoka kwa Wavenisi mwaka 1571, Waingereza wakaishika kuanzia 1878, na ikapata uhuru mwaka 1960. Wakati huo takribani asilimia 80 ya wakazi walikuwa Wakupro wa Kigiriki, Wakristo wa Kiorthodoksi, na asilimia 18 Wakupro wa Kituruki, Waislamu. Rais wa kwanza alikuwa Askofu Mkuu Makarios III, yule ambaye jina lake limebaki kwenye seminari ya Kiorthodoksi ya Riruta, Nairobi.

Uhuru ule wa pamoja haukufika mbali. Desemba 1963 jamii hizo mbili zilipigana, na ofisa wa Kiingereza akachora mstari kwa kalamu ya kijani juu ya ramani ya Nicosia, mji mkuu ambao Waturuki huuita Lefkoşa, ili kuwatenganisha. Ndio Mstari wa Kijani. Julai 1974, utawala wa kijeshi wa Athens ulipanga mapinduzi ili kisiwa kiunganishwe na Ugiriki. Siku tano baadaye jeshi la Uturuki likatua na kuishia kushika zaidi ya theluthi moja ya nchi. Wagiriki zaidi ya 150,000 walikimbilia kusini, Waturuki makumi ya maelfu wakahamia kaskazini. Mstari ukarefushwa kisiwa kizima, kilomita 180 hivi, ukilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 1983 kaskazini ikajitangazia dola.

Mstari huo uliwekwa na vita, haukuuliza mvua inanyesha wapi. Milima mirefu ya Troodos, inayokamata mvua nyingi, ilibaki kusini. Bonde la Morphou, lenye machungwa na mojawapo ya hifadhi kubwa za maji ya ardhini, likaangukia kaskazini. Mto Pedieos unaanzia Troodos, unapita Nicosia, unavuka mstari na kuendelea mashariki, na siku nyingi za mwaka ni mtaro mkavu tu, kama ilivyo mito mingi ya kisiwa hiki ambayo hutiririka majira ya baridi kisha hukatika.

Maji yasiyokuwa na masimango

Kabla ya mstari kulikuwa na desturi nyingine, na msomaji wa pwani yetu ataitambua mara moja, kwa sababu ni wakfu. Katika miaka ya 1740, liwali wa Kiosmani aitwaye Bekir Paşa aliona watu wa Larnaca wanateseka kwa maji. Akajenga mfereji juu ya matao ya mawe ulioleta maji mjini kutoka kwenye vyanzo vilivyo nje yake, akauweka wakfu. Matao yale bado yamesimama leo pembezoni mwa mji, na maji yake yalitumika hadi karne ya 20. Mkristo alichota, Mwislamu alichota. Nicosia nayo ilikuwa na mifereji ya namna hiyo iliyoingiza maji ndani ya kuta za mji wa kale.

Sisemi zama zile zilikuwa za haki. Waosmani walikuwa watawala, na Wakristo walitozwa kodi walizozilalamikia. Lakini ndani ya wakfu kuna jambo la kuangaliwa. Aliyetoa ameshatoa. Mali imetoka mikononi mwake, imekuwa ya Mungu na ya kila mwenye kiu, naye hawezi kurudi miaka kumi baadaye akawaambia watu wa Larnaca, "Mnakumbuka ni nani aliyewanywesha?" Sadaka jariya inaendelea kutoa, mtoaji mwenyewe haendelei kudai. Kwa Kiswahili tuna neno la kinyume chake, neno ambalo sijui lugha nyingi zilizo nalo kwa ukali uleule: masimango. Kumpa mtu kisha kumkumbusha kwamba umempa. Neno hilo litatufaa huko mbele.

Kusini: nchi iliyojijenga kwa mabwawa

Serikali ya Jamhuri ya Kupro ilipopata uhuru ilijiwekea lengo kwamba tone la maji lisipotelee baharini. Mwaka 1960 mabwawa yote ya kisiwa yaliweza kuhifadhi takribani mita za ujazo milioni 6. Leo upande wa kusini pekee unaweza kuhifadhi zaidi ya milioni 300, na bwawa la Kouris, lililokamilika mwaka 1988, lina nafasi ya milioni 115. Kutoka Kouris liko bomba kuu linalokwenda mashariki kwa zaidi ya kilomita 100, mpaka kwenye vijiji vya udongo mwekundu vinavyolima viazi.

Tazama bomba hilo kwenye ramani utaona jambo ambalo wahandisi hawakuwa na haja ya kulisema. Linatoka magharibi kwenda mashariki, likibaki kusini mwa mstari. Serikali ilipoteza mwaka 1974 visima na mashamba ya kaskazini, ikalazimika kuunda upya mzunguko mzima wa maji ndani ya eneo iliyobaki nalo. Kwa kufanya hivyo iliwaokoa wakulima na kuwapa wakimbizi makao, na papo hapo ikaugeuza mstari wa vita kuwa mstari wa mabomba. Kila upande ulipomaliza kutandika mabomba yake, kisiwa kilikuwa kimegawanyika mara ya pili, safari hii chini ya ardhi.

Hata hivyo kiu haikuisha. Mwaka 2008 ukame ulikuwa mkali kiasi kwamba nyumba zilipata maji kwa zamu, saa chache, siku chache za wiki, na meli zikaanza kuleta maji kutoka Ugiriki. Siku ya dhiki kusini nayo iligeukia kwa jamaa wa damu. Lakini ile ilikuwa biashara ya muda. Jibu la kudumu likawa mitambo ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari, ambayo ya kwanza ilianza Dhekelia mwaka 1997, na mwaka 2025 Falme za Kiarabu zikaongeza mitambo ya kuhamishika kama msaada. Maji ya bahari hayana masimango. Yana bili kubwa ya umeme, na bili hiyo serikali ya Nicosia inailipa yenyewe.

Kaskazini: mifuko, visima vya chumvi, kisha bomba

Kaskazini hali ilikuwa mbaya zaidi. Mashamba ya machungwa ya Morphou, ambayo Waturuki huyaita Güzelyurt, yaani makao mazuri, yalimwagiliwa kwa pampu mwaka baada ya mwaka mpaka maji ya ardhini yakashuka na bahari ikapenya ndani. Wanywaji wa maji ya mjini walizoea ladha ya chumvi. Kila paa lilikuwa na tangi lake, kama kusini, na maji ya kunywa yakanunuliwa kwa mitungi.

Mwaka 1998 lilijaribiwa jambo la kushangaza: mifuko mikubwa ya plastiki, yenye kubeba maelfu ya mita za ujazo, ilijazwa maji baridi huko Uturuki na kukokotwa na meli kuvuka bahari, kwa sababu maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi na mfuko huelea. Mpango huo haukudumu. Mifuko ilipasuka, na kiasi kilichofika hakikutosha.

Ndipo likaja bomba. Machi 2011 lilizinduliwa jiwe la msingi la bwawa la Alaköprü, na kazi yenyewe inastahili heshima, tuseme kweli. Bahari kati ya Anamur na Kupro ina kina kinachozidi mita 1,000. Kulilaza bomba sakafuni kwenye kina hicho halikuwa jambo jepesi. Wahandisi wakaliacha lielee. Kwa kilomita 80 za njia ya baharini, sehemu kubwa ya bomba imening'inia kiasi cha mita 250 chini ya uso wa maji, imefungwa kwa kamba zilizotiwa nanga sakafuni, mithili ya dema lililofungwa boya lakini kinyume chake: bomba linataka kupanda juu, kamba zinalizuia. Ni la plastiki ngumu, kipenyo chake mita 1.6, mtu anaweza kusimama ndani akainama kidogo tu. Lilipangwa kubeba mita za ujazo milioni 75 kwa mwaka, nusu ya kunywa, nusu ya kumwagilia.

Uturuki ikaliita Mradi wa Karne. Maji yenyewe yakaitwa Barış Suyu, Maji ya Amani, na viongozi wa Ankara wakasema Wagiriki wa kusini nao wakitaka watapewa. Kwa sikio la mgeni hilo ni jina zuri. Kwa sikio la Mgiriki wa Kupro lina historia: vita vya 1974, vilivyomfukuza nyumbani kwake, Uturuki rasmi huviita Operesheni ya Amani. Neno ni lilelile. Hata mtu mwenye nia njema angesita kunywa kikombe hicho, na serikali yake ilisema wazi kwamba bomba limewekwa kinyume cha sheria kwenye ardhi iliyokaliwa.

Kuna jambo jingine ambalo Mgiriki aliyekimbia Morphou analiona haraka kuliko wengine. Katika mpango wa amani wa Kofi Annan, uliopigiwa kura pande zote mbili tarehe 24 Aprili 2004, Morphou ilikuwa irudishwe kwa Wagiriki. Waturuki walisema ndiyo kwa asilimia 65, Wagiriki wakasema hapana kwa asilimia 76, mpango ukafa. Ila tangu hapo mkulima wa Kituruki wa Güzelyurt alijua kwamba ardhi anayoilima inatajwa mezani. Mtu asiye na hakika na ardhi hapandi mchungwa unaohitaji miaka kuzaa. Ukimletea maji ya kumwagilia kutoka Anamur, umempa sababu ya kupanda. Mizizi ya mchungwa ni hoja ya kisiasa ambayo hakuna anayelazimika kuitamka.

Mama na mtoto

Sasa tuje kwenye lugha. Uturuki na Kupro ya Kaskazini wana msamiati wao wa ukoo: Uturuki ni *anavatan*, nchi mama, na kaskazini ni *yavru vatan*, nchi mtoto, kinda. Watoto wamefundishwa hivyo shuleni, na kwa wazee waliopitia miaka ya 1960 wakiishi wamezingirwa kwenye vijiji vyao, neno mama halikuwa porojo. Waliokolewa, na wanasema hivyo kwa dhati.

Lakini mwaka 2011, miezi michache kabla na baada ya jiwe la msingi lile, makumi ya maelfu ya Wakupro wa Kituruki waliandamana Lefkoşa dhidi ya masharti ya kubana matumizi yaliyotoka Ankara. Wakayaita maandamano ya kutetea kuwepo kwao kama jamii. Recep Tayyip Erdoğan, wakati huo waziri mkuu wa Uturuki, alijibu kwa kuwakumbusha kwamba wanalishwa na Uturuki. Neno lililobaki midomoni mwa watu ni *besleme*, mtu wa kulishwa, yatima anayelelewa kwenye nyumba ya wenyewe na kutumikishwa. Hayo ndiyo masimango niliyoyataja. Na jamii iliyosimangwa Februari iliwekewa jiwe la msingi la bomba Machi.

Aprili 2015 Mustafa Akıncı alichaguliwa rais wa kaskazini. Alisema siku zilezile za mwanzo kwamba anataka uhusiano wa ndugu na ndugu, si wa mama na mtoto. Erdoğan alikasirika hadharani, akataja damu na fedha ambazo Uturuki imetoa. Akıncı akauliza kama Uturuki haitaki mtoto wake akue. Mtu wa kwetu angeweza kuongeza kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Miezi sita baadaye, tarehe 17 Oktoba 2015, wanaume hao wawili walisimama pamoja kwenye uzinduzi wa maji.

Ugomvi juu ya koki

Hapa ndipo pananivutia zaidi, na ndipo habari nyingi za nje hazikufika. Maji yalifika Geçitköy, bwawa likajaa, hotuba zikasomwa. Kisha kwa miezi kadhaa maji yakakaa palepale. Mabomba ya mijini yaliendelea kutoa chumvi huku maji matamu yakiwa kilomita chache tu.

Sababu ni kwamba hapakuwa na makubaliano ya nani ayasambaze. Kaskazini wakati huo ilikuwa na manispaa 28, na maji ndiyo yaliyokuwa mapato yao makubwa na kazi yao inayoonekana na kila mkazi. Zilitaka kusambaza maji zenyewe, zikaunda kampuni ya pamoja iitwayo BESKİ. Ankara ilitaka usambazaji, mabomba ya ndani na ukusanyaji wa bili ukabidhiwe kampuni binafsi itakayowekeza na kurudisha fedha zake. Hoja ya Ankara haikuwa ya kipuuzi: mitandao ya manispaa ilikuwa mikongwe, maji mengi yalivuja njiani, na madiwani walikuwa na tabia ya kutowadai ndugu na marafiki. Kujenga bomba la Mradi wa Karne kisha kumwaga maji yake kwenye mabomba yaliyotoboka ni hasara.

Sasa fikiria unavyomjua mtu wa maji wa manispaa yako. Ukikatiwa, unajua mlango wa kugonga. Meya unamjua kwa jina, pengine mlisoma naye. Ukikasirika unamnyima kura. Katika dola isiyotambuliwa, ambayo timu yake ya mpira haiwezi kucheza kombe la dunia na ambayo uwanja wake wa ndege haupokei ndege ila zitokazo Uturuki, manispaa ni miongoni mwa mahali pachache ambapo Mkupro wa Kituruki anajisikia mwenyeji. Ofisi ya maji, pamoja na uchakavu wake wote, ni yake. Kuihamisha kwa kampuni yenye mkataba uliosainiwa Ankara ni kumwambia kwamba hata hapo sasa yeye ni mteja.

Kwa hiyo watu waliosimama kudai BESKİ hawakuwa wanakataa maji. Hili lilieleweka vibaya sana Uturuki, ambako wengi waliliona kuwa utovu wa shukrani: tumewavushia mto mzima baharini nao wanagombania mita. Naamini waliogombania mita walielewa vizuri. Mwenye kusoma mita ndiye unayehesabiana naye, na watu wanaohesabiana kila mwezi hatimaye ndio wanaoitana "sisi".

Makubaliano yalisainiwa Ankara tarehe 2 Machi 2016, kwa kiasi kikubwa kwa masharti ya Uturuki. Mwezi uliofuata serikali ya mseto ya kaskazini ilianguka, na suala la maji na masharti ya fedha vilikuwa miongoni mwa vilivyoivunja. Maji hatimaye yaliingia majumbani. Watu waliyafurahia, na ilikuwa halali yao: nguo zilizofuliwa hazikukakamaa tena kwa chumvi, na jani la chai likatoa rangi yake. Ninaposema koki ni siasa sitaki kusahau kwamba maji matamu ni maji matamu.

Kisha Januari 2020 bomba lilikatika baharini. Kaskazini ikarudi kwenye visima vyake kwa miezi mingi, na kila mtu akaelewa kwa mwili wake maana ya kutegemea njia moja tu. Ukarabati ulikamilika siku ya kuzua maswali: tarehe 6 Oktoba 2020, siku tano kabla ya uchaguzi wa rais wa kaskazini, Erdoğan alirudisha maji katika sherehe huko Ankara akiwa na Ersin Tatar, waziri mkuu wa kaskazini na mpinzani mkuu wa Akıncı. Katika hafla hiyohiyo ilitangazwa kwamba ufuo wa Maraş, mtaa wa hoteli uliofungwa kwa uzio tangu 1974, ungefunguliwa. Chama kimoja kilijitoa serikalini kwa hasira, Akıncı akalalamika kwamba uchaguzi unaingiliwa. Tarehe 18 Oktoba Tatar alishinda kwa tofauti ndogo. Siwezi kusema maji yalimpa kura ngapi. Naweza kusema kwamba mpiga kura aliyekosa maji kwa miezi tisa alioneshwa kwenye televisheni ni mkono wa nani uliofungua koki, na ni nani aliyesimama pembeni ya mkono huo.

Bomba jingine, ambalo halikuzinduliwa kwa ngoma

Kuna bomba la pili Kupro, nalo ni la maji taka.

Kabla ya 1974 Nicosia ilikuwa imeanza kujenga mfumo wa maji taka. Mji umeinamia mashariki, na maji hufuata mkondo, kwa hiyo mtambo wa kusafisha uliwekwa bondeni, Mia Milia, kando ya Pedieos. Vita vilipokwisha, sehemu kubwa ya nyumba zilikuwa kusini mwa mstari na mtambo ulikuwa kaskazini, eneo ambalo Waturuki wanaliita Haspolat. Kusini walikuwa na mabomba yasiyo na mwisho, kaskazini mtambo usio na mabomba. Na uchafu ulibaki mjini kwa wote.

Meya wa upande wa Kigiriki alikuwa mwanasheria Lellos Demetriades. Meya wa upande wa Kituruki, tangu 1976, alikuwa msanifu majengo kijana, na huyo ndiye Mustafa Akıncı tuliyekwisha kukutana naye. Serikali ya Demetriades haikumtambua Akıncı kuwa meya wa kitu chochote. Kama wangeanza na vyeo wasingefika popote. Wakaanza na mabomba, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, wakizungumza kwa niaba ya jamii mbili za mji mmoja. Walikubaliana mwaka 1978, na kufikia 1980 maji taka ya pande zote mbili yalikuwa yanaingia mtambo mmoja.

Kazi hiyo ilizaa mpango wa pamoja wa mji, Nicosia yote ikapangwa kwenye karatasi moja kana kwamba mstari utaondoka siku moja, na nyumba za kale za pande zote mbili zikakarabatiwa. Mwaka 2007 ukarabati huo ulipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Mtambo mpya, uliojengwa pale pale kwa fedha za Umoja wa Ulaya na za bodi ya maji taka ya Nicosia, umekuwa na uwezo wa kusafisha takribani mita za ujazo 30,000 kwa siku.

Nimejiuliza kwa nini bomba hili halijawahi kuitwa la amani. Nadhani ni kwa sababu hakuna aliyelitoa kama hisani. Kila upande ulihitaji kitu kilichokuwa mikononi mwa mwenzake: mmoja mteremko, mwingine mtandao na mchango wa gharama. Pampu ikiharibika fundi wa Kigiriki lazima azungumze na fundi wa Kituruki, leo, si baada ya mkutano wa viongozi. Hakuna kati yao anayeombwa aseme yeye ni mtoto wa nani.

Vituo vya kuvuka mstari vilifunguliwa kwa raia tarehe 23 Aprili 2003, na siku hizo za kwanza watu walipanga foleni kwa saa nyingi wakiwa na vitambulisho mkononi, wengine wakibeba funguo za nyumba walizoziacha mwaka 1974. Maji ya vyombo vyao yalikuwa yanavuka kwa miaka 23.